Mji Uliolipa Jiwe Jina

Waashi wa Roma ya kale walikuwa na jiwe walilolitegemea kwa kazi kubwa. Rangi yake ni kama ya maziwa yaliyotiwa mchanga, lina vitundu vidogo vidogo kama vya mkate, na lilichimbwa katika tambarare iliyo chini ya mji wa Tibur, kiasi cha kilomita 30 mashariki ya Roma. Ni jiwe lililozaliwa na maji: chemchemi za mahali hapo hubeba chokaa iliyoyeyuka, na chokaa hiyo hutua tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka hadi ikawa mwamba. Warumi wakaliita lapis tiburtinus, jiwe la Tibur. Ndimi za watu zikalisaga jina hilo karne baada ya karne hadi likawa travertino. Kwa jiwe hilo ulijengwa uwanja wa Colosseum, uliofunguliwa mwaka 80 BK, na kwa jiwe hilo zikasimamishwa nguzo zinazouzunguka uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Petro katika karne ya 17. Siku hizi jiwe la namna hiyo huchimbwa hata Uturuki na Irani, likakatwa vigae na kuuzwa duniani kote, na popote liendapo huitwa kwa jina la mji ambao muuzaji na mnunuzi pengine hawajausikia.

Mji wenyewe nao ulibadilika jina. Tibur ikawa Tivoli: b ililegea ikawa v, na r ikageuka l. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuna haja ya kustaajabu, maana tunazijua lahaja na ndimi ambamo r na l hupeana zamu kila siku. Jina hilo jipya nalo likafunga safari. Mwishoni mwa karne ya 18 wenyeji wa Paris walikuwa na bustani ya starehe iliyoitwa Tivoli, na mwaka 1843 ikafunguliwa nyingine Copenhagen ambayo ipo hadi leo. Kwa Kidenmaki, tivoli sasa ni nomino ya kawaida: ni uwanja wowote wa bembea na michezo.

Naanza na majina kwa sababu nilikwenda Tivoli kutazama magofu na bustani, nami nikarudi na swali la lugha. Kwa miaka mingi nilifundisha historia na Kiswahili katika shule za sekondari, na hakuna darasa lililokosa mwanafunzi wa kuuliza: shairi linajenga nini? Mhandisi hujenga daraja, tajiri hujenga ghorofa, mshairi je? Ni swali la haki. Tivoli inalijibu, ingawa nusu ya jibu lake haimpi mshairi sababu ya kujisifu.

Mji umekaa kwenye bega la mlima, mahali ambapo mto Aniene unaiacha milima na kuanguka kwa kishindo kuelekea bonde la Roma. Ukingoni mwa korongo, juu kabisa ya maporomoko, yamesimama mahekalu mawili ya kale, moja la mviringo lenye nguzo zilizochongwa kwa umbo la majani, na jingine la pembe nne. Upepo wa mlimani, maji mengi na ukaribu wa jiji kuu viliwavuta wakubwa wa Roma, wakaja kujenga villa zao. Neno hilo lastahili kusimamiwa kidogo. Katika Kilatini villa ilikuwa nyumba ya shamba pamoja na shamba lake. Katika Kiitaliano cha leo laweza kuwa jumba, laweza kuwa bustani, laweza kuwa vyote viwili. Ndiyo maana Tivoli ina villa tatu mashuhuri zisizofanana hata kidogo: Villa Adriana ni magofu, Villa d'Este ni jumba na bustani, na Villa Gregoriana ni korongo lenye msitu ambalo halina nyumba hata moja.

Si wote waliofika huko walikwenda kupunga upepo. Syphax, mfalme wa Numidia, nchi iliyokuwa kaskazini mwa Afrika katika Algeria ya leo, alitekwa na Warumi mwaka 203 KK katika vita kati ya Roma na Carthage. Mwanahistoria Livy anaandika kwamba mfalme huyo alifia Tibur, akiwa mateka aliyehamishiwa huko. Alikuwa ametawala watu wengi na kutia jina lake kwenye sarafu. Lakini aliyoyasema akitazama maporomoko yale ya ugenini hatuyajui, kwa kuwa habari zake ziliandikwa na waliomshinda. Kila nilipopita ukingoni mwa korongo nilimkumbuka, na nilikumbuka pia kwamba katika vitabu vingi vya wasafiri mji huu ni mji wa mapumziko tu.

Baada ya miaka mia na ushei wakaja washairi. Catullus alikuwa na shamba mpakani, kati ya nchi ya Tibur na nchi ya Wasabini. Tibur lilikuwa jina la fahari, ilhali Wasabini walisifika kwa ushamba. Katika shairi lake moja anatania kwamba rafiki zake waliliita shamba hilo la Tibur, na wasiomtakia mema wakashikilia kwamba ni la Wasabini. Ardhi ni ile ile, mzeituni ni ule ule, ila jina linafichua moyo wa anayelitamka. Mwanafunzi wa lugha hahitaji somo refu kuliko hilo.

Aliyeupenda mji huo kuliko wote ni Horace, aliyezaliwa mwaka 65 KK na kufariki mwaka 8 KK. Shamba alilopewa na mfadhili wake Maecenas lilikuwa mbele zaidi, ndani ya milima, lakini Suetonius, aliyeandika maisha yake, anasema watu walikuwa wakionyeshwa nyumba yake karibu na kijisitu cha Tibur. Katika tenzi zake aliuombea mji huo uwe kituo cha uzee wake, na mahali pengine akajilinganisha na nyuki anayehangaika kuokota utamu katika vichaka vyake vyenye unyevu. Nyuki, si tai: mshairi alikuwa anatuambia kwamba kazi yake ni ya subira, ya kudonoa kidogo kidogo. Na jambo moja alilitaja mwenyewe bila kuona haya: baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru. Tulishike jambo hilo, tutalihitaji mbele.

Tushuke sasa hadi tambarare, kwenye villa kubwa kuliko zote. Kaisari Hadrian alitawala tangu mwaka 117 hadi 138, na katika miaka hiyo alijijengea makao yaliyoenea katika eneo la hekta zipatazo 120. Usifikirie jumba, ndugu msomaji, fikiria mji. Kulikuwa na hamamu, maktaba, kumbi za karamu, mahekalu, mabwawa na viwanja. Kuna kisiwa kidogo cha duara ndani ya bwawa la duara, nacho kimejengwa nyumba kamili iliyofikiwa kwa madaraja ya mbao yaliyoweza kuondolewa. Mtawala wa dunia alijitengenezea mahali ambapo dunia haikuweza kumfikia.

Hadrian alikuwa msafiri, alizunguka sehemu kubwa ya milki yake, na mwandishi wa kale wa maisha yake anasema aliziita sehemu za villa yake kwa majina ya mahali alipopapenda: Akademia ya Athens, bonde la Tempe la Ugiriki, Canopus ya Misri. Hata kuzimu, anasema mwandishi huyo, alikupa nafasi. Bwawa refu ambalo leo huitwa Canopus limezungukwa na nguzo na sanamu, zikiwamo za wanawake wanaobeba paa vichwani kwa mfano wa zile za Athens. Kaisari aliweza kuamuru mawe, lakini hakuweza kuubeba mto Nile. Alichokibeba ni jina, nalo lilitosha kuyageuza maji ya Tivoli yawe Misri. Hiyo ni kazi ya sitiari, na kila mshairi anaijua.

Nilitembea humo tangu asubuhi hadi jua lilipopinda. Kilichonisimamisha si nguzo. Ni njia za chini ya ardhi. Chini ya viwanja na kumbi kumechimbwa mahandaki, mengine mapana ya kupitisha mikokoteni, ili watumwa wabebe kuni za hamamu, maji, nyama na mvinyo bila kuonekana na wageni wa kaisari. Upande wa magharibi, chini ya ukumbi mkubwa wa wazi, kuna safu za vyumba vidogo ambavyo wenyeji huviita Cento Camerelle, yaani vijumba mia. Inaaminika vilikuwa ghala na malazi ya watumishi. Juu kulipambwa kwa marumaru za rangi kutoka pande zote za milki, chini kulikuwa na udongo mtupu na giza. Ustadi wa wasanifu ulikuwa katika kuwaficha watu. Ukumbi ule wa juu ulisimama juu ya migongo, na wageni hawakutakiwa kulijua hilo.

Hadrian mwenyewe hakufia huko. Alifia Baiae, pwani ya kusini, Julai 138, baada ya ugonjwa mrefu uliomfanya akitamani kifo na kukikosa. Na hapo ndipo kisa chake kinapotuhusu. Mtu huyu aliyemiliki kila kitu aliacha, kwa mujibu wa mwandishi yule yule, shairi dogo la mistari mitano alilolitunga karibu na kufa. Halimtaji Kaisari, halitaji vita wala majumba. Ni mtu anayezungumza na roho yake kama mwenyeji anayemsindikiza mgeni mlangoni, akiuliza mgeni huyo sasa atakwenda wapi, tena bila mizaha yake aliyoizoea. Mwaka 1951 mwandishi Marguerite Yourcenar alipochapisha riwaya yake kuhusu Hadrian, aliliweka shairi hilo mwanzoni mwa kitabu chake.

Uzito wa shairi hilo umo katika viambishi. Kilatini kina viambishi vya udogo vinavyoweza kubeba mahaba, huruma na mzaha kwa pamoja, naye Hadrian akavipanga mfululizo hadi roho ikawa kama kitoto. Anayetaka kulileta kwa Kiswahili atakwama kizingitini. Tunacho kiambishi ki-, lakini kiroho kwetu kimeshashughulishwa na kazi nyingine: twasema mambo ya kiroho, au twasema mtu alingoja kiroho papo. Nafsi nayo ukiivika ki- inageuka kichekesho. Kiswahili chajua sana kudogosha kwa dharau, kama katika kijumba na kijitu, na chajua kudogosha kwa upendo, kama katika kitoto na kijukuu. Kinachotafutwa hapa ni neno la kufanya yote mawili kwa pumzi moja, na kulipata ni mtihani mzuri kwa mshairi yeyote.

Washairi wa pwani yetu watakuwa wameshakumbuka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyoyatazama magofu ya Pate na kuuhutubia moyo juu ya udanganyifu wa dunia. Tofauti iko katika nafasi ya msemaji. Mshairi wa Pate alikuja baada ya taa kuzimika, akasoma funzo kwenye nyumba za waliomtangulia. Hadrian aliandika wakati taa zake bado zinawaka, mahandaki bado yanapitisha kuni, na tayari alijua kwamba hakuna hata kimoja cha kumfaa safarini. Magofu yalimfuata baadaye, kana kwamba yanatii shairi.

Yalimfuata kwa mikono ya watu. Roma ilipoanguka, villa iligeuka machimbo. Marumaru, neno letu lililotoka kwa Wagiriki likapitia kwa Waarabu hadi kufika pwani, ni jiwe ambalo likichomwa hutoa chokaa bora. Watu wa pwani twaijua tanuri ya chokaa, kwani babu zetu walichoma matumbawe ili wajenge misikiti na majumba. Huko Italia kilichotiwa motoni katika zama za kati kilikuwa pia nguzo na sanamu. Uso uliochongwa kwa miezi uligeuka unga wa kupaka ukuta wa zizi.

Katika karne ya 16 akaja mnyang'anyi mwenye elimu. Kardinali Ippolito II d'Este, mtoto wa Lucrezia Borgia na mjukuu wa Papa Alexander VI, aliutamani upapa mara kadhaa asiupate. Mwaka 1550 akapewa ugavana wa Tivoli kama kifuta machozi. Aliikuta nyumba ya watawa kwenye mteremko, akaamua kuigeuza jumba na kuutandaza mteremko mzima kuwa bustani. Mtaa uliokuwa chini ya nyumba hiyo ulinunuliwa na kubomolewa, na wenyeji waliopoteza mali wakamfungulia kesi. Msanifu wake, Pirro Ligorio, alikuwa pia mchimbaji wa kwanza aliyeichunguza Villa Adriana kwa utaratibu. Aliandika alichokiona, na sanamu nyingi zilizochimbuliwa zikapelekwa kupamba makao ya kardinali. Elimu na uporaji vilishikana mikono.

Haki inanitaka niseme pia kwamba bustani hiyo ni ajabu. Ligorio na mafundi wake waliyachepusha maji ya Aniene, wakayapitisha kwenye handaki chini ya mji hadi kileleni mwa bustani, kisha wakayaacha yashuke. Hakuna pampu. Kila mrusho, kila pazia la maji, kila bomba katika safu ndefu iitwayo Chemchemi Mia, husukumwa na uzito wa maji yenyewe. Mafundi wawili Wafaransa walitengeneza kinanda kilichopigwa na maji: maji yalisukuma hewa, hewa ikaingia katika filimbi, muziki ukatoka bila mpigaji. Penginepo ndege wa shaba waliimba hadi bundi alipojitokeza, wakanyamaza, bundi akiondoka wakaanza tena. Montaigne alipita huko mwaka 1581 na kuyaandika maajabu hayo katika shajara yake ya safari. Karibu miaka mia tatu baadaye Franz Liszt, aliyekuwa akikaribishwa katika jumba hilo kila mara, alitunga kipande cha piano kinachoiga mchezo wa maji yake.

Lakini kardinali alifariki Desemba 1572. Katika karne ya 18 warithi waliziuza sanamu zake nyingi, hivyo aliyechukua akachukuliwa. Kwa njia ya ndoa villa ikawa mali ya ukoo wa Habsburg, na miongoni mwa wamiliki wa mwisho alikuwa Franz Ferdinand, yule aliyeuawa Sarajevo mwaka 1914. Baada ya vita ikawa mali ya taifa la Italia. Mabomu ya mwaka 1944 yakaijeruhi, ikatengenezwa tena. Vitu vya Hadrian navyo vimetawanyika: ukitaka kumwona mrusha kisahani aliyechimbuliwa kwake mwaka 1791, nenda British Museum, London.

Hata mto haukukaa mahali pake. Novemba 1826 Aniene ulifurika ukazoa sehemu ya mji pamoja na nyumba zake. Chini ya Papa Gregory XVI yakatobolewa mahandaki mawili katika mlima Catillo, na mwaka 1835 mto ukageuzwa njia, ukaanza kuporomoka upande mwingine, zaidi ya mita 100. Korongo lililobaki likapandwa miti, likaitwa Villa Gregoriana. Mwaka 1892 nguvu za maji ya Tivoli zikapelekwa kwa nyaya hadi Roma zikiwa umeme.

Sasa tunaweza kulirudia swali la mwanafunzi. Tivoli inaonyesha kwamba mawe huhama, huuzwa na huchomwa, na hata mto huhamishwa. Mistari mitano haikuhama. Hakuna kardinali aliyeweza kuipakia kwenye mkokoteni, na kila aliyeichukua aliiacha pale pale kwa wengine. Hiyo ndiyo nusu ya jibu inayotupendeza.

Nusu ya pili ni chungu. Maneno hubaki pale tu anapopatikana wa kuyaandika na wa kuyarudia. Wale wa mahandakini walikuwa na lugha zao, nyingi mno, zilizoletwa pamoja nao kutoka pande zote za milki. Walikuwa na nyimbo za kazi, kwa maana hakuna mahali ambapo watu hubeba mzigo pamoja bila kuimba. Hakuna wimbo wao uliobaki. Syphax, mfalme mzima, hakuacha sentensi. Kwa hiyo si kweli kwamba neno lina nguvu kuliko jiwe. Neno lisilo na msemaji hufa kabla ya jiwe, tena bila kuacha gofu.

Hapa ndipo ninapomrudia Horace. Nyuki yule wa Tibur alikuwa mtoto wa mtu aliyewahi kumilikiwa. Kizazi kimoja tu kilimtenga na mahandaki ya aina ile, na kwa kalamu yake jina la baba yake aliyeachwa huru limeheshimiwa kwa zaidi ya miaka 2000. Sijui jibu bora zaidi la kumpa mwanafunzi wangu. Shairi halijengi ghorofa, ila laweza kumtoa mtu chini ya sakafu ambamo ghorofa limemficha. Wenzetu wa Villa Adriana hawakupata mtoto wa kuwaandika. Nimewatungia ubeti mmoja wa tarbia, na kila mwenye kalamu anaweza kuwaongezea:

Mlobeba maji yao, na kuni za hamamuni,
Mkapita njia zao, zenye giza aridhini,
Majina katika vyuo, hayamo hata pembeni,
Nani awataje leo, tusipowakumbukeni?